Fungate ya Mtutu Mpya

Mama yangu ana mke mwenza mmoja tu, naye ni bunduki. Ndivyo anavyoiita mwenyewe, na akiiita hivyo hucheka kwa upande mmoja wa mdomo. Upande wa pili haucheki. "Mke mwenzangu keshaamka?" humuuliza baba asubuhi akimmiminia chai. "Keshapakwa mafuta? Au nije nimkande na miguu?" Baba hunywa chai yake kimya. Mtu aliyeishi na mama yangu miaka arobaini na kitu anajua yepi katika maneno yake ni ya kujibiwa na yepi ni ya kuachwa yapite.

Si bunduki ya kutisha mtu. Ni bunduki ya upepo, ile inayokunjwa katikati, ukatia kirisasi kidogo kama punje ya choroko, ukaikunjua. Ina kibali chake, kimewekwa katika mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha ndoa na hati ya shamba, na kila kinapofika wakati wa kukihuisha baba huvaa koti juu ya kanzu, akaenda nacho kama anakwenda kuposa. Kazi ya bunduki hiyo ni moja tu, kunguru. Tuna kishamba Tunguu, ekari mbili na ushei, ndicho kilichobaki baada ya mashamba ya babu kwenda yalikokwenda, na katika kishamba hicho mama anafuga kuku wa kienyeji. Anayewajua kunguru wa Unguja hahitaji kuelezwa zaidi. Kifaranga akitoka chini ya bawa la mama yake kidogo tu, huyo kenda.

Baba alikuwa na shabaha. Nilimwona kwa macho yangu, nikiwa na miaka saba au minane, akimwangusha kunguru kutoka kilele cha mnazi, kisha akanigeukia na uso wa mtu aliyefunga goli. Kazini alikuwa karani wa bandari, mtu wa kupiga mihuri, na nyumbani alikuwa mtu wa kutafuta miwani yake. Shambani tu ndipo alipokuwa bingwa wa kitu. Kwa muda mrefu nilidhani baba wote wanaweza kuangusha kunguru, na nilipogundua kwamba hawawezi nilijiona mwenye bahati kuliko watoto wote wa darasani.

Kisha likaja jicho. Macho yote mawili yalipasuliwa mtoto wa jicho. La kushoto likarudi kiasi cha kusomea, la kulia halikurudi. Daktari alieleza kwa nini, mama akasikiliza, baba hakusikiliza. Na la kulia ndilo la kulengea. Ukimuuliza atakwambia linaona sawasawa, ila limechoka. Limechoka mwaka wa tatu huu.

Basi siku moja ya kiangazi, asubuhi, kunguru alitua juu ya ukuta unaotenga shamba letu na nyumba ya jirani. Jirani yetu ni Mtumbatu, muuza samaki, mtu mcheshi, amejenga pale na mkewe. Baba akalenga. Kunguru akaruka, na ng'ambo ya ukuta tukasikia ukelele. Kirisasi kilikuwa kimetoboa dumu la maji lililowekwa ukutani, vidole vitatu kutoka kwenye mkono wa mke wa jirani aliyekuwa akilishika kulishusha. Yule mama alitazama maji yanavyomwagika, akamtazama baba na bunduki yake, akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Shikamoo, mzee."

Angetukana ingekuwa nafuu. Baba alijibu, "Marahaba," kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena.

Jioni jirani mwenyewe alikuja na dumu, tundu limezibwa kwa kipande cha sabuni, akasema, "Mzee, ukitaka maji sema tukupe, usitutoboe." Tulicheka mpaka machozi. Mama hakucheka.

Kwenye kikundi cha familia cha simu mashauri yalianza usiku uleule. Kaka yangu wa Maskati aliandika risala ndefu. Kaka yangu wa Dar alituma sauti mbili, moja ya kuunga mkono risala na nyingine ya kuuliza kama mama ana dawa zake. Uamuzi ulikuwa kwamba bunduki iondoke mikononi mwa baba, na kwamba mimi ndiye niiondoe. "Wewe ndiye kipenzi chake," waliandika. Katika nyumba yetu kipenzi ni yule anayetumwa kusema ambalo wenzake wanaliogopa. Isitoshe mimi nimeachika, nakaa Kikwajuni peke yangu, nafanya kazi maktaba ya chuo huko huko Tunguu, na kwa akili ya kaka zangu mwanamke asiye na mume wa kumuaga ana muda mwingi.

Nilimwambia. Nilimwambia vibaya, kama ninavyosema mambo mengi, wima, mlangoni, funguo za gari mkononi. Aliniacha nimalize.

"Mtutu umelika," akasema. "Bunduki ile ina miaka thelathini. Mtutu ukilika risasi huenda inakotaka. Miye sijalika."

Na kweli aliipeleka Dar, kwa duka la silaha lenye leseni, barua za polisi zikatangulia na nyingine zikafuata, na baada ya mwezi mmoja na nusu ikarudi ina mtutu mpya, mweusi, unang'aa. Mama akasema mke mwenza kaja kasuka nywele. Tukakubaliana mbele yake mama. Mtutu ukishazoeshwa, baba atapiga mipigo mitano kwenye karatasi, hatua thelathini, duara la ukubwa wa kisahani cha kahawa. Mitatu ikiingia ndani ya duara, bunduki ni yake na hakuna mtu wa Maskati wala wa Dar atakayefungua mdomo. Isipofika mitatu, anaikabidhi kwangu na hatalizungumza tena. Mwamuzi ni mimi. Yeye mwenyewe aliniteua, akisema mimi ndiye mwenye roho mbaya kuliko wote.

Ila kwanza, akasema, mtutu mpya lazima ukae fungate.

Nilidhani anatania. Alikuwa hatanii. Pamoja na bunduki fundi wa Dar alileta kikaratasi alichokiandika kwa mkono: Mtutu mpya. Piga saba, safisha kila mara. Baba alikisoma kwa jicho lake zima, akakikunja, akasema mambo yote ni yaleyale, chombo kipya ni kama bibi harusi, siku saba ndani, akandwe, asuguliwe, asitolewe juani, asishikwe na mikono ya kila mtu. Risasi moja kila siku, baada ya sala ya alasiri. Kisha kusafisha. Siku saba.

Gari haliingii kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, wanakokaa wazee wangu, kwa hiyo kila asubuhi nilimkuta ameshatoka, amesimama barabarani na mfuko wa bunduki, viatu vimepigwa rangi. Ndani ya mfuko bunduki ilikuwa imefungwa kwenye kanga ya mama. Siku ya kwanza nilifungua upande mmoja nikasoma maandishi: Nimetulia kwangu usinighasi. Mama alikuwa ameichagua. Baba hakuwa ameona. Nilimsomea, na tulipopita Mwanakwerekwe akasema, "Mama yako mshenzi sana," kwa mapenzi kiasi cha kunifanya nitazame nje.

Nikimwacha shambani, nikienda kazini, na saa kumi nikirudi namkuta amekaa kwenye mkeka chini ya banda, ameshatawadha, ameshasali, ananingoja. Mbele yake vitu vimepangwa kama vya karani: kikopo cha virisasi, kichupa cha mafuta, uzi mrefu, na vipande vya kitambaa alivyovikata kutoka kwenye kanzu yake kuukuu, mraba mraba, sawasawa. Mbele kabisa, hatua thelathini, viroba vya mchanga vilipangwa vitatu chini na viwili juu kuzuia risasi isitembee. Upande ule hakuna ukuta wala jirani. Alikuwa amevihamisha mwenyewe, peke yake, na hakumwambia mtu kwa nini.

Akasema Bismillahi, akapiga. Sauti ya bunduki ya upepo si kitu, ni kama mtu anayefunga kitabu kizito. Halafu ndipo kazi ikaanza. Alifunga kitambaa kwenye uzi, akakitia tone la mafuta, akaukunja mtutu, akapitisha uzi, akavuta polepole. Kitambaa kiliingia cheupe kikatoka kama kimefutia sufuria.

"Unaona?" akasema. "Hivi ndivyo alivyotoka kwao. Na vumbi la kiwandani."

"Bado sita?" nikauliza. Nilidhani tunaendelea.

"Bado siku sita."

Tukarudi mjini. Nilikuwa nimempitia asubuhi na sasa namrudisha, yote kwa ajili ya kitu kilichochukua dakika kumi.

Siku ya pili nilikichukua kile kikaratasi cha fundi nikakisoma mwenyewe, nikaona lililokuwa wazi tangu mwanzo. Fundi hakuandika siku. Aliandika piga saba. Risasi saba, kila moja na kusafisha kwake. Mtu anakaa mara moja, saa moja hivi, kazi imekwisha. Nilimwekea baba kikaratasi mbele ya pua. Nilisema nina kazi, nina vitabu vya wanafunzi wa watu vinanisubiri, nina nyumba, na kwamba kuna watu katika dunia hii ambao hawajastaafu.

Alikisoma tena. Alikisoma kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyomo.

"Fundi huyu mtu wa wapi?" akauliza.

"Sijui, Baba. Wa bara huko."

"Basi. Atajuaje fungate?"

Nikasema bunduki si mtu. Akasema hilo analijua, yeye ndiye aliyenifundisha herufi. Nikasema kama analijua basi tumalize leo. Akasema, "Mwenye haraka na aende," akaanza kufunga kitambaa kwenye uzi. Nilikaa kwenye gari na mlango wazi, nimenuna kama mtoto, na nikamsikia anapiga, kisha ule mkwaruzo mdogo wa kitambaa kikipita. Alipomaliza alinyanyua kitambaa juu kunionyesha, kutoka mbali. Kilikuwa cheusi bado. Nilijifanya sijakiona.

Nyumbani nilimlalamikia mama. Mama alikuwa anachambua mchele, hata hakunyanyua kichwa. "Mwache," akasema. "Mtu anakokota siku anazozipenda." Nilimkumbusha kwamba yeye ndiye aliyetaka bunduki iondoke. "Nnataka," akasema. "Nshasema nnataka. Sikusema iondoke mbio."

Siku ya tatu nilikwenda kwa kulazimika, na ya nne ikanyesha. Si mvua ya maana, ile ya kupita, lakini ilitufungia kwenye banda kwa saa nzima. Jirani Mtumbatu alipita na vibua alivyobakiza, akatuachia vinne na kutia neno lake, kwamba ameshawaambia kunguru wahamie Fumba maana huku bibi harusi karibu atoke. Tulivichoma kwenye jiko la makaa la mama, tukala na muhogo wa kuchemsha. Baba alinihadithia jinsi alivyojifunza kulenga, na kwamba baba yake hakumruhusu kupiga mpaka aweze kukaa kimya muda wa kusali rakaa nne. Weye usingeweza, akasema. Nikasema hata sasa siwezi. Tulicheka.

Kisha akachukua chupa ya chai kunimiminia, na chai ikateremka pembeni ya kikombe, kwenye mkeka, mkondo mzima, taratibu, naye anatazama pale pale akiamini inaingia. Nilikisogeza kikombe chini ya chai. Kikajaa. Nilikunywa chai ile, nikawachukia kaka zangu wote wawili bila sababu.

Sijui ni siku ya tano au ya sita nilipojigundua nafunga maktaba mapema. Nilikuwa naitazama saa tangu adhuhuri. Nilikuwa nimebeba vitumbua. Mtu mzima, mwenye cheo kidogo na sauti kubwa, ninaharakia kwenda kutazama mzee akivuta kitambaa kwenye bomba. Tangu nilipoolewa, na hata nilipoachika, sikuwa nimekaa na baba yangu siku tano mfululizo bila kuwepo mgonjwa au maiti. Alinipa uzi nivute mimi. Alinisahihisha mara tatu: usivute kama unateka maji, usirudishe nyuma, usisimame katikati. Kitambaa kilitoka na mstari mmoja wa kijivu, mwembamba. Alivitandaza vyote kwa mpangilio kwenye mkeka, cheusi mpaka cha leo, akavitazama kwa furaha ile aliyokuwa akiitazamia ripoti yangu ya shule.

Na hapo nikaungama moyoni kwamba nataka ashinde. Mimi mwamuzi. Nilitaka mitano yote iingie, nilitaka nipige picha nikawarushie watu wa Maskati na wa Dar. Nilijua kuhusu dumu na vidole vitatu. Nilijua kuhusu chai. Nilitaka vilevile.

Siku ya saba mama alikuja. Alisema amekuja kuwaona kuku wake, akatandika mkeka wake mbali, akatupa mgongo. Baba alipiga ile ya saba, tukasafisha, kitambaa kikatoka cheupe kama kilivyoingia, au karibu. "Bibi harusi katoka ndani," akasema. Mama akapiga kigelegele bila kugeuka, kimoja tu, kifupi.

Nilibandika karatasi kwenye viroba. Duara nililichora mwenyewe kwa kuzungushia kisahani. Nikarudi nyuma yake, nikasimama.

Alichukua muda mwingi. Kila risasi aliisomea kitu. Baada ya kila mpigo nilimwona anakaza jicho kutazama kule, kisha anaacha, anakunja mtutu, anatia nyingine. Baada ya wa tano aliilaza bunduki kwenye mapaja, akafuta uso kwa kofia.

"Nenda," akasema.

Hatua thelathini si mbali. Nilizihesabu. Ndani ya duara kulikuwa na matundu mawili, mazuri, yamekaribiana, nisingeamini. Tundu la tatu lilikuwa kwenye pembe ya karatasi. Risasi mbili hazikugusa karatasi kabisa. Nilivitafuta virisasi kwa macho kwenye viroba, nikaona kimoja kimechimba mchanga upande wa chini, cha pili sikukiona.

Kando ya viroba kuna mndimu. Nilikuwa nimewapa mgongo wote wawili. Nilivunja mwiba mmoja, nikautia ndani ya duara, karibu na yale mawili lakini si karibu sana, nikauzungusha kidogo. Haikuchukua hata pumzi mbili. Nilibandua karatasi nikarudi nayo, na nilipokuwa natembea moyo wangu ulikuwa mwepesi, nimefurahi, nimejisahau kabisa.

"Mitatu," nikasema. Nilisema kwa sauti ili mama asikie.

Baba alipokea karatasi. Aliisogeza karibu na jicho la kushoto, karibu kabisa, mpaka ikagusa miwani. Kisha akaishusha, akapitisha dole gumba juu ya tundu la kwanza, akalitazama dole. Lilikuwa na weusi kidogo. Akapitisha kwenye la pili. Weusi. Akalifuta dole kwenye kanzu, akapitisha kwenye la tatu, akalitazama. Akalipitisha tena.

"Risasi ikipita hupaka wanja," akasema. "Inatoka kwenye mtutu wenye mafuta, inaacha weusi pembeni mwa tundu. Huwezi kuuona kama huujui, lakini upo." Alininyooshea dole lake safi. "Hili limetobolewa na kitu gani?"

"Mwiba," nikasema.

"Wa mndimu?"

"Wa mndimu."

Aliikunja karatasi mara mbili. Nilingoja anigombeze. Alikuwa mgombezi mzuri zamani, kwa utaratibu, kwanza kosa, kisha sababu, kisha adhabu, na wakati ule ningelipa chochote nisimame mbele yake nigombezwe hivyo.

"Ulipovunja saa yangu ya ukutani," akasema, "ukasema paka. Na hatukuwa na paka. Ulipofeli hesabu ukaniambia mwalimu anaumwa, ripoti hazijaandikwa. Ulikuwa mwongo hasa weye. Nami nlikuwa nafurahi, wallahi, kwa sababu nlikuwa nnajua unanidanganya kwa kuniogopa." Akaiweka karatasi kwenye mkeka. "Leo umenidanganya kwa kunihurumia."

Mama alikuwa amegeuka. Sikumwona alipogeuka. Alikuwa amekaa na kiganja mdomoni, na maneno yake yote, yale ya mke mwenza na ya kukanda miguu, hayakuwepo.

"Baba, nisamehe," nikasema. Nilikuwa nalia tayari, na kulia kwangu ni kubaya, kuna makamasi.

"Nshakusamehe. Lakini usinifanyie tena. Miye nikishaanza kudanganywa nyumbani kwangu ntajuaje kipi kweli? Jicho n'nalo moja. La pili n'nawategemea nyinyi."

Aliishika bunduki kwa mikono miwili, akanipa. Hivyo tu. Si kwa hasira na si kama mtu anayenyang'anywa. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Wiki nzima niliishika mtutu tu, sikuwahi kuibeba. Nilitaka kumrudishia. Nilitaka kusema tufute makubaliano, tuhesabu la pembeni, kwa nini karatasi isihesabike yote. Mama alisema, "Pokea, mwanangu," kwa upole, na ndipo nilipojua kwamba hata yeye aliyeitaka itoke hakutaka kuliona hili.

"Sasa kunguru watapigwa na nani?" baba akauliza. "Wao hawana habari kama miye nimezeeka. Kaa hapa."

Nilikaa alipokuwa amekaa. Mkeka ulikuwa na joto lake. Alipiga magoti nyuma yangu, magoti yakalia yote mawili, akanisukuma bega chini, akanisogeza kiwiko, akanifunga jicho la kushoto kwa kiganja chake kwa sababu mimi siwezi kulifumba peke yake. Kiganja kilinuka mafuta na kibua. Mama alikwenda kule akabandika karatasi, ameigeuza upande usio na kitu, akasogea mbali kabisa, mbali kuliko ilivyohitajika, akatuashiria.

"Usipumue," baba akasema sikioni mwangu. "Haya. Pumua kidogo, kisha acha. Usivute, bonyeza."

Nilibonyeza. Bunduki ilinipiga kidogo begani. Kule kwenye viroba vumbi la mchanga liliruka, karibu na mndimu. Karatasi ilikuwa imekaa vilevile, nyeupe, hata haikutikisika.

Baba alikuwa ametoa kiganja chake usoni mwangu. Alikuwa anatazama upande ule kwa bidii, shingo mbele, na nilijua kwamba kule anaona weupe tu katikati ya kijani, tundu hawezi kuliona.

"Imepata?" akauliza.

Mama alikuwa ananitazama kutoka kule.

"Haikupata, Baba."

"Hata pembeni?"

"Hata pembeni. Imekwenda upande wa mndimu."

Alishusha pumzi, akaniwekea mkono kichwani, juu ya mtandio, akauacha pale muda.

"Ahsante, mwanangu," akasema, kisha akapapasa kikopo akanipa kirisasi kingine.